Kudhibiti, Kukagua, Kuzuia: Kila Neno na Zamu Yake

Kitenzi "kudhibiti" kimetwishwa mizigo mingi kupita nguvu za mabega yake. Katika taarifa za vikosi, katika matangazo ya afya, magazetini na hata katika barua za nyumbani, siku hizi kila jambo hudhibitiwa. Wezi hudhibitiwa, malaria hudhibitiwa, magari hudhibitiwa, watoto watundu hudhibitiwa, na mizigo ya mpakani nayo hudhibitiwa. Msomaji akitaka kujua ni nini hasa kilichotendeka kwa mwizi, kwa malaria na kwa mzigo, haambiwi. Neno limekuwa kama kofia moja inayovaliwa na kikosi kizima kwa zamu: kila kichwa kinaingia, wala hakuna inayemkaa sawasawa.

Mji wa Gisenyi, makao ya Wilaya ya Rubavu, ni mahali pafaapo pa kulichunguza jambo hili. Hapo, ukingoni mwa Ziwa Kivu, Rwanda hugusana na Goma ya Kongo kiasi kwamba nyumba za mji mmoja huonekana kutoka madirisha ya mji wa pili. Kinyarwanda ndicho lugha ya nyumbani. Kifaransa na Kiingereza hushika ofisi. Kiswahili kiliingia na askari wa Kijerumani mwanzoni mwa karne ya 20, kikaendelea walipoingia Wabelgiji mwaka 1916, na hakikuondoka tena sokoni wala mpakani. Ng'ambo ya pili kuna Kiswahili cha Kivu, chenye sauti na maneno yake. Rwanda ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na hatimaye ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, neno la sokoni lilitakiwa liingie kwenye taarifa, kwenye hati na kwenye amri. Hapo ndipo ugumu ulipoanza, maana amri haipendi neno lenye sura mbili.

Chanzo kimoja cha mkanganyiko kiko katika Kifaransa. Kwa miaka mingi mambo ya forodha na uhamiaji katika eneo hili yaliendeshwa kwa lugha hiyo. Hata mkataba wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, iliyoundwa na Rwanda, Burundi na Zaire, ulitiwa sahihi papo hapo Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976. Mfaransa asemapo "contrôler", kwa kawaida maana yake ni kuangalia kama kitu kiko sawa: kufungua hati, kusoma tarehe, kulinganisha picha na uso, kuhesabu magunia. Mwingereza naye ana neno linalofanana na hilo kama pacha, ila yeye alitumiapo humaanisha kukishika kitu kiwe chini ya mamlaka yako kiende utakavyo. Mapacha hao wamefanana sura, tabia zao ni mbali. Mfasiri aliyesomea Kiingereza akikutana na neno la Mfaransa, huandika "kudhibiti" papo hapo. Hivyo tangazo lililokusudia kuwaambia akina mama wenye vikapu vya nyanya kwamba mizigo yao itakaguliwa, huwaambia kwamba mizigo yao itadhibitiwa. Mama aliyezoea kuvuka alfajiri na kurudi jioni akisoma maneno hayo, ana haki ya kudhani kwamba nyanya zake zitazuiwa. Huenda akageuza njia, akatafuta kichochoro. Kichochoro hicho ndicho kinachomfanya mchana awe mfanya biashara na jioni awe mtuhumiwa wa magendo.

Neno sahihi la kazi hiyo ni "kukagua". Mkaguzi hutazama, hupima, hulinganisha, kisha husema sawa au si sawa. Hakimiliki kile anachokikagua, wala hakiongozi. Askari aliye kwenye zamu akimwambia msafiri, "Mama, naomba nikague mzigo wako," amesema jambo moja tu, nalo limeeleweka. Akisema, "Nataka kudhibiti mzigo wako," hajasema kama ataufungua, ataushika, au ataurudisha ulikotoka.

Kinyarwanda chenyewe kina neno zuri kwa kazi hiyo, nalo ni "kugenzura". Hata cheo cha mkaguzi mkuu wa fedha za serikali ya Rwanda kimejengwa juu ya mzizi huo: Umugenzuzi Mukuru w'Imari ya Leta. Basi Mnyarwanda anayejifunza Kiswahili na ashike hivi: palipo na kugenzura, neno la kwanza la kujaribiwa ni kukagua, na kama ni uhalifu unaotafutwa kiini chake, ni kuchunguza au kupeleleza. Kudhibiti kusubiri nje mpaka kuitwe.

Huko Tanzania liko jina la ofisi moja ambalo lingetosha kuwa somo zima. Ofisa mkuu wa hesabu za serikali huitwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Wengi hudhani ni mapambo, kwamba mdhibiti na mkaguzi ni kitu kimoja kilichotajwa mara mbili ili cheo kipate urefu. La hasha. Katiba ya nchi hiyo imempa kazi mbili. Fedha zinapotaka kutoka katika Mfuko Mkuu wa Hazina, yeye huhakikisha kwamba zimeidhinishwa kisheria kabla hazijatoka. Hapo ndipo anapokuwa mdhibiti, amesimama mlangoni. Fedha zikisha kutumika, angalau mara moja kila mwaka hupitia hesabu na kutoa ripoti; hapo amekuwa mkaguzi, ameketi mezani na vitabu. Udhibiti hutangulia tendo au huandamana nalo. Ukaguzi aghalabu hulifuata. Wanasheria waliolitunga jina hilo walijua walilokuwa wakilifanya.

Asili ya "dhibiti" ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kushika barabara, kwa uthabiti na kwa usahihi. Katika Kiarabu mzizi huohuo hutoa neno la ofisa wa jeshi au polisi. Kwetu umetoa pia neno "madhubuti", lenye kusifia kitu kilichofungwa kikafungika. Kwa hiyo picha ya asili iliyomo ndani ya kudhibiti ni ya mkono ulioshika kitu kinachoweza kuponyoka. Kitu chenyewe bado kina uhai na mwendo wake. Mkono unakiwekea mpaka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kile chombo kidogo kinachofungwa ndani ya mabasi. Kenya ilipotunga kanuni mpya za matatu mwaka 2003, zilizoanza kutekelezwa kwa nguvu Februari 2004 chini ya Waziri wa Uchukuzi John Michuki, magari hayo yalilazimishwa kufunga vidhibiti mwendo ili yasipite kilomita 80 kwa saa. Neno "kidhibiti mwendo" limekaa mahali pake kabisa. Chombo hicho hakilisimamishi gari, la sivyo kingeitwa kizuizi. Hakiliongozi kwenda kulia wala kushoto, kwa kuwa hiyo ni kazi ya usukani. Gari linakwenda, abiria wanafika, ila kasi haivuki alama iliyowekwa. Yeyote anayesitasita kama neno kudhibiti linafaa katika sentensi yake, na ajiulize: je, kitu hiki kitaendelea kwenda, ila ndani ya mpaka? Kama jibu ni ndiyo, aandike bila hofu.

"Kuzuia" ni neno la Kibantu, fupi, na halina siri. Anayezuia anafanya kitu kisipite au kisitokee. Kutoka hapo tumepata kizuizi cha barabarani, na tumepata pia kizuizini, mahali ambapo mtu hunyimwa uhuru wa kutoka. Inastahili kutajwa hapa kwamba kizuizi cha barabarani, kwa desturi yake, hakizuii wote. Huwasimamisha wote ili wakaguliwe na kuzuia wachache. Ndiyo kusema kwamba mahali pamoja, kwa muda wa dakika tano, askari mmoja anaweza kusimamisha, kukagua, kuruhusu, kuzuia na kukamata. Matendo matano, maneno matano. Taarifa ya jioni ikiyafunika yote kwa "magari yalidhibitiwa", mkuu wake hataweza kujua kama kulikuwa na gari hata moja lililokamatwa.

Jambo hili si la urembo wa lugha. Katika kazi za polisi lina uzito wa kisheria. Sentensi "mtuhumiwa alidhibitiwa" inaonekana ya heshima, tena ya kishujaa kidogo. Lakini mke wa mtuhumiwa huyo anayesubiri nje na chakula kwenye bakuli, anataka kujua kama mumewe amekamatwa, anashikiliwa kwa mahojiano, amewekwa mahabusu, au ameumizwa wakati wa kukamatwa akapelekwa hospitali. Hakimu naye atataka kujua hayohayo, na atataka saa na tarehe. Kukamata ni tendo la mara moja. Kumshikilia mtu ni hali inayohesabiwa kwa saa, na sheria za nchi nyingi zimeiwekea ukomo. Kudhibiti hakuna saa ndani yake. Ofisa anayeandika "alidhibitiwa" ameiachia taarifa tundu ambalo wakili mwerevu atapitishia mkono mzima.

Hapo pana hatari nyingine, ya sauti. Kinyarwanda hakina sauti ya "dh" wala ya "th", na Kiswahili cha Kivu nacho mara nyingi huzigeuza kuwa "z" na "s". Kwa hiyo kudhibiti hutamkwa "kuzibiti", na mwandishi mwenye haraka, akitaka kurekebisha, huchagua herufi kwa kubahatisha. Matokeo yake ni kuchanganya kudhibiti na kuthibitisha. Kuthibitisha ni kutoa uhakika kwamba jambo ni kweli. "Habari za ajali zimethibitishwa" maana yake ni kwamba ajali kweli imetokea, waliotumwa wameiona. "Habari za ajali zimedhibitiwa" maana yake ni kwamba mtu amezishika habari hizo zisienee. Katika sentensi ya kwanza polisi wamefanya kazi yao. Katika ya pili wameshtakiwa kuficha. Tofauti yote hiyo imebebwa na ncha ya ulimi. Dawa yake ni mazoezi: "dh" hutolewa kwa ulimi kugusa meno ya juu huku koo likinguruma, na "th" ni hivyohivyo bila ngurumo. Watoto wa kambini wakifundishwa mapema hulipata upesi. Watu wazima huchukua muda, nao hawana haja ya kuona haya.

Tukio lililoonyesha thamani ya neno kupita yote katika mji huu ni ugonjwa wa Ebola. Mlipuko ulitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Julai 2019 mgonjwa wa kwanza aligunduliwa Goma, mji uliopakana na Gisenyi kama chumba na ukumbi, na tarehe 17 ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Kwenye vivuko kuliwekwa maji na sabuni, na kila apitaye akapimwa joto la mwili. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua zaidi ya watu 2,200 upande wa Kongo. Rwanda haikupata hata mgonjwa mmoja katika mlipuko huo.

Katika muda wa karibu miaka miwili hiyo, maneno matatu yalipaswa kutenganishwa kama maji ya kunywa na maji ya kuoshea. Kudhibiti ugonjwa ni kuufungia ndani ya eneo lake: wagonjwa watengwe, waliokutana nao wafuatiliwe, njia ziwe na wapimaji. Kukomesha mlipuko ni kufika siku ambayo hapana mgonjwa mpya, na siku zilizowekwa za kungoja zikapita salama. Kutokomeza ugonjwa ni kuufuta usiwepo tena, kama ulimwengu ulivyoufanyia ndui, uliotangazwa kutokomezwa mwaka 1980. Tangazo linalosema "Ebola imedhibitiwa" halimruhusu mtu kuacha kunawa mikono. Kinyume chake, linamwambia kwamba ugonjwa ungali upo na kwamba kinachouzuia usimfikie ni mikono hiyo inayonawa. Mama wa nyumbani akilifahamu neno vibaya, akasikia "imedhibitiwa" na kuelewa "imekwisha", atawarudisha watoto kwenye mazoea ya zamani miezi mingi kabla ya wakati.

Yapo pia mambo ambayo neno kudhibiti halipaswi kuyakaribia, na Gisenyi inayo moja linalowaka usiku. Mlima Nyiragongo ulitapika moto mwaka 1977, ukarudia Januari 2002, na tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Mara hiyo ya mwisho ardhi iliendelea kutetemeka kwa siku kadhaa, na nyumba nyingi za Rubavu zikapata nyufa au kubomoka. Hakuna kikosi wala mhandisi anayeudhibiti mlima wa moto. Wataalamu huuchunguza, huufuatilia, husoma mitetemo yake na kutoa tahadhari. Wanaodhibitiwa, kama neno linatakiwa kwa nguvu, ni watu na magari wakati wa kuhama, ili wasijazane kwenye njia moja. Na hata hapo, "kuongoza" lingekuwa neno la staha zaidi.

Mto Sebeya uko katikati ya mambo hayo mawili. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda. Sebeya ukafurika na kuingia majumbani, na katika majimbo hayo watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Baada ya msiba kama huo husemwa kwamba maji lazima "yadhibitiwe", nalo si kosa. Ila fundi anayepewa kazi hataridhika na neno hilo. Atauliza: mnataka maji yazuiwe, yapunguzwe kasi, yaelekezwe kwingine, au yahifadhiwe? Ukuta huzuia. Matuta ya ngazi kwenye miteremko na miti hupunguza kasi. Mfereji huelekeza. Bwawa huhifadhi, kisha huachia kidogo kidogo. Kudhibiti mafuriko ni jina la jumla la kazi zote hizo zikifanywa pamoja, na jina la jumla lina haki ya kuwepo katika kichwa cha habari. Chini ya kichwa hicho kila tendo litajwe kwa jina lake.

Wanajeshi nao wana msamiati wao, na kwa kweli wao hukosea mara chache kuliko raia, kwa sababu katika kazi yao kosa la neno hulipwa papo hapo. Kikosi huteka kilima, maana yake kimekichukua kutoka kwa adui. Kikisha kukichukua, hukishikilia, yaani hakiondoki hata kikishambuliwa. Jeshi likikaa katika nchi au eneo la watu wengine, hulikalia. Kuzingira ni kuweka watu pande zote bila bado kuingia. "Kudhibiti eneo" lina maana ya kuwa na uwezo wa kuamua nani apite na nani asipite, na jambo hilo linaweza kufanywa kutoka kilima cha mbali chenye macho mazuri, bila askari hata mmoja kusimama katika eneo lenyewe. Ndiyo maana mwanahabari anayeandika kwamba kikosi "kimedhibiti" mji, akitaka kusema kimeuteka, amewaambia wasomaji jambo dogo kuliko lililotokea, au kubwa kuliko lililotokea; hawajui ni lipi.

Kuhusu umati wa watu, polisi wa Tanzania walipata jina jema walipokiita kikosi chao Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Kutuliza ni kurudisha utulivu. Jina lingeweza kuwa la kuzima ghasia, au la kudhibiti ghasia, na kila moja lingempa askari picha tofauti ya kazi yake kabla hajatoka lango la kambi. Askari wa usalama barabarani huongoza magari, na wale walio kwenye mnara wa uwanja wa ndege huongoza ndege. Hapo pia Kiswahili kimechagua kuongoza, neno la mtu anayetangulia kuonyesha njia.

Kwa majirani wa Goma na kwa Wanyarwanda wengi, neno la karibu ni "kuchunga". Kinyarwanda kina "gucunga", lenye maana ya kulinda na pia kusimamia mali, hata askari wa magereza huitwa "umucungagereza". Katika Kiswahili sanifu mchungaji huchunga ng'ombe na mbuzi, na wa kanisani huchunga waumini. Mtu pia huambiwa ajichunge, yaani awe mwangalifu. Kusema kwamba ofisa "anachunga" fedha za kikosi si matusi, hata lina joto fulani la kinyumbani, lakini katika hati huandikwa kwamba anasimamia au anatunza. Tahadhari kubwa zaidi ni kwa "gutegeka". Kwa Mnyarwanda ni kuamuru na kutawala. Katika Kiswahili, kutegeka ni kunaswa kwenye mtego. Mtu aliyekusudia kusema kwamba kiongozi fulani alitegeka nchi kwa miaka kumi, kwa masikio ya Mswahili amesema kwamba maskini huyo alikaa mtegoni miaka kumi.

Nyumbani, kwa bahati nzuri, Kiswahili kina maneno matamu kuliko haya ya ofisini, na huko ndiko kudhibiti kunakoonekana kugeni zaidi. Magazeti ya sasa hupenda kuandika kwamba "dereva alipoteza udhibiti wa gari". Wazee hawakusema hivyo. Walisema, "Gari lilimshinda, likaacha njia." Sentensi hiyo ni fupi na inaonekana kwa macho, mtu anaiona kabisa ile kona ya barabara ya Musanze kwenda Rubavu na tairi zikiingia mtaroni. Hali kadhalika, mtoto aliyepita kiasi amewashinda wazazi wake. Hashikiki, haambiliki. Vitenzi hivi vyenye "-ik-" katikati vina hazina kubwa: hazuiliki, hatawaliki, hasemezeki. Kila kimoja kinaeleza ni mlango upi hasa uliofungwa. Mtoto asiyeambilika anaweza bado kuonyeshwa kwa mfano. Asiyeshikika amekwisha toka nje.

Bei za sokoni nazo zina maneno yake. Serikali hudhibiti bei inapoweka kikomo ambacho muuza haruhusiwi kukivuka. Tanzania iliunda Tume ya Bei kwa kazi hiyo mwaka 1973. Inapotoa bei elekezi, hapo inaelekeza tu. Mfanya biashara anayeficha sukari mpaka bei ipande anahodhi sukari. Na mke wa koplo mwenye watoto wanne hawezi kudhibiti bei hata akitaka. Yeye huimudu au hushindwa kuimudu. "Kumudu" ni kuwa na uwezo wa kutosha kwa jambo, na ni neno ambalo kila mwisho wa mwezi hulifahamu bila kamusi. Akipanga mshahara, akaandika kodi ya nyumba, karo, unga na akiba, anasimamia matumizi. Akikataa kununua kitu kisichokuwa katika orodha hiyo, hapo amedhibiti matumizi. Mume akirudi kutoka doria na kupekua daftari ili aone fedha zimekwenda wapi, huyo amekagua, na ni busara aanze kwa salamu.

Wenye maradhi ya kisukari au shinikizo la damu huambiwa na daktari kwamba hali yao "inadhibitika". Wengi husikia "inapona". Neno limetumika sawasawa kabisa, lakini lahitaji kufafanuliwa: sukari iko palepale, dawa na chakula vinaiwekea mpaka, na mtu akiacha dawa kwa kuwa anajisikia vizuri, mpaka huondoka. Kwa upande wa uzazi, mambo yamekwenda kinyume. Chama cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1959 kilijiita cha Uzazi na Malezi Bora, na lugha ya hospitali ikatulia kwenye "uzazi wa mpango". Mtu anayepanga ni mwenye nyumba. Anayedhibitiwa ana mtu mwingine juu yake.

"Kutawala" limebaki mwisho kwa sababu ndilo linalotumiwa kwa kiburi kuliko yote. Limetoka katika mzizi uliotupa pia liwali, mwakilishi wa Sultani katika miji ya pwani, na lina ndani yake kiti na mamlaka. Lakini lugha imelipatia pia kazi ya ofisini isiyo na makelele: ofisa utawala hana kiti cha enzi, ana majalada. Na mtu huweza kujitawala, yaani kuzishika hasira na tamaa zake, kama vile nchi nayo hujitawala inapopata uhuru. Kwa hasira hasa, Kiswahili kinapendelea maneno ya mwili: mtu huizuia hasira, huimeza, hujikaza. Sajenti anayemwambia kuruta "jidhibiti" ameeleweka. Akimwambia "jizuie", ameeleweka upesi zaidi.

Familia zinazopenda kujipima baada ya chakula cha jioni zinaweza kujaza nafasi katika sentensi hizi. Polisi ___ lori lililobeba mkaa, wakakuta hati zake ziko sawa, wakaliruhusu. Moto jikoni ___ usifike kwenye nyumba ya jirani, ingawa jiko lenyewe liliendelea kuwaka mpaka maji yakaletwa. Pikipiki ___ kijana huyo kwenye mteremko, akaangukia shambani. Majibu ni "walikagua", "ulidhibitiwa" na "ilimshinda". Atakayeandika kwamba moto "ulizimwa" ausome tena mstari ule: jiko lilikuwa lingali linawaka.